Mkurugenzi Mtendaji wa Fremu Moja

Mradi wa mifugo ulioniajiri ulipoisha walitufanyia sherehe. Palikuwa na pilau, soda, cheti kwa kila mmoja wetu, na hotuba ya mkuu wa mradi aliyetutangazia kwamba kuanzia siku hiyo sisi ni mabalozi. Hakusema mabalozi wa nchi gani. Kesho yake magari yalipelekwa Mwanza, ofisi ikafungwa kufuli, nami nikabaki Bariadi na shahada ya tiba ya wanyama, pikipiki yangu, sanduku la vifaa, na kitambulisho cha kuvaa shingoni ambacho hakuna aliyekumbuka kunidai.

Nikakodi fremu moja nyuma ya soko. Upande mmoja niliweka dawa za mifugo, upande mwingine meza na kiti. Nikaandika kwenye kipande cha bati: DAKTARI WA WANYAMA. Fremu ya jirani ilikuwa saluni ya dada mmoja mnene mcheshi, ambaye alisoma lile bango kwa sauti, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, kisha akaniuliza kama ninatibu na wanaume. Hivyo ndivyo nilivyoanza kujiajiri.

Kazi yenyewe haikuniogopesha. Ng'ombe wenye ndigana niliwatibu, mbwa niliwachanja, kuku wa mama lishe niliwapa dawa. Kilichonitesa ni swali moja ambalo watu wa kwetu hulitoa kabla hata hujakaa: "Uko wapi siku hizi?" Hawaulizi unaishi wapi. Wanauliza ni nani aliyekuajiri. Ukimtaja mwajiri, unavutiwa kiti. Ukisema umejiajiri, wanakuangalia kama mtu aliyetoka msibani, halafu mmoja anakugusa bega: "Usikate tamaa. Ajira zitatangazwa tu."

Nilijifunza kujibu, "Nipo nipo." Jibu zuri sana. Halisemi uongo na halisemi chochote.

Mama yangu anaishi Nyalikungu, kule Maswa, kwenye nyumba aliyoiacha marehemu baba. Alikuwa ananipigia simu kila jioni na maswali yake yalikuwa mawili, kwa mpangilio ule ule.

"Umekula?"

"Nimekula, mama."

"Umepata kazi?"

"Mama, hapa nilipo niko kazini. Nina mbwa mezani."

"Najua, mwanangu. Lakini kazi?"

Baadaye nikagundua kwamba niliingizwa kwenye maombi ya jumuiya yake. Mama alinieleza mwenyewe, kwa fahari. Kila Jumamosi waliwaombea wagonjwa, wajane, marehemu wote, halafu mimi. Nilikuwa nakuja baada ya marehemu.

Kwa hiyo niliendelea kuvaa kile kitambulisho. Naona aibu kusema, lakini nilikivaa karibu mwaka mzima. Upande wa mbele palikuwa na tarehe ya mwisho wa mkataba, kwa hiyo nikakigeuza. Upande wa nyuma palikuwa na maandishi yanayosema kwamba kikiokotwa kirudishwe ofisini. Nilizunguka mji mzima nimevaa maelekezo ya kitu kilichopotea, na nilijisikia vizuri. Pale sokoni walinisalimia kwa heshima. Mlinzi wa benki alinifungulia mlango. Siku nilipokisahau nyumbani, mlinzi yule yule aliniambia nipange foleni ya nje.

Ni yule dada wa saluni aliyeniletea habari za semina. Alikuwa ameokota karatasi yake mahali: semina ya kujiamini kwa wataalamu na wajasiriamali waliojiajiri, siku moja tu, chakula cha mchana kipo.

"Nenda," akaniambia. "Wewe unahitaji."

"Na wewe je?"

"Mimi mteja akinidharau namwambia akasukwe na mama yake. Semina ya nini?"

Nikaenda. Ukumbi ulikuwa wa gesti moja hapo hapo mjini, wenye mapazia mekundu na feni iliyozunguka kwa kusitasita. Mwezeshaji alitoka Mwanza akiwa amevaa suti yenye kizibao ndani, kwenye joto la mwezi wa kumi, na kwa saa nzima ya kwanza nilikuwa namwangalia kidaktari, nikihesabu anavyohema. Alitutaka tugeukiane na kuambiana, "Wewe ni mshindi." Jirani yangu alikuwa mzee mwenye kofia pana, mfugaji na mnunuzi wa pamba. Alinitazama machoni kwa upole akasema, "Wewe ni mshindi, mayu," yaani mama kwa Kisukuma, kisha akauliza, "Tumeshinda nini?"

Mwezeshaji akapaza sauti. "Ndani ya kila mmoja wenu kuna simba amelala! Leo tunamwamsha!"

Mzee akanyoosha mkono. "Samahani, mwalimu. Huyo simba akishaamka, ng'ombe wangu watakuwa wapi?"

Watu walicheka, lakini yeye hakuwa anatania. Anakaa upande wa porini na simba alishamlia madume wawili. Mwezeshaji alieleza kwamba huo ni mfano tu. Mzee akasema kama ni mfano basi atumie mnyama mwingine, na suala hilo likachukua muda hadi chai ikaja.

Baada ya chai tulifundishwa kujipa cheo. Mwezeshaji alisema mtu asiyejipa cheo atapewa na wengine, na cha wengine kitakuwa cha chini. Tukaandika vyeo vyetu kwenye karatasi na kusimama mmoja mmoja kujitambulisha. Fundi cherehani alikuwa Mkurugenzi Mtendaji. Muuza vifaranga, Mkurugenzi Mtendaji. Wakili wa kujitegemea aliyekaa nyuma, Mkurugenzi Mtendaji. Kufikia mchana ukumbi mzima ulijaa wakurugenzi watendaji watupu, hapakuwa na hata mfanyakazi mmoja wa kuongozwa. Mimi nami nikasimama nikajipa cheo hicho hicho, na niseme ukweli, mwili ulisisimka.

Kazi ya nyumbani ilikuwa kusimama mbele ya kioo kila asubuhi na kujiambia maneno matatu ya ushindi. Kioo changu kilikuwa kile kidogo cha kupakia wanja, kwa hiyo nilijiambia ushindi jicho moja moja. Siku ya tatu mama mwenye nyumba akagonga ukuta.

"Unaongea na nani humo?"

"Najiambia mimi ni mshindi, mama."

"Wa bahati nasibu?"

"Hapana. Mshindi tu."

"Pole," akasema.

Nikatengeneza pia kadi za kugawa: Mkurugenzi Mtendaji, Daktari wa Wanyama, Mshauri Mwandamizi. Nilizigawa mnadani Lalago, kwenye vumbi na kelele za ng'ombe, nikiwa nimevaa blauzi nyeupe. Wanaume walizipokea kwa mikono miwili, wakazisoma, na nikamwona mmoja akitumia yake kuchokonolea meno. Lakini kadi moja ilifika mahali.

Jumapili moja nilikuwa nimelala kwa mama Nyalikungu. Jumatatu asubuhi, nikinywa uji, simu ikaita. Sauti ya mama mtu mzima, kutoka kijiji kimoja cha Lalago. Alisema wana mtamba wao anazaa kwa mara ya kwanza tangu alfajiri, miguu ya ndama imeonekana lakini hatoki, na wanaume wameanza kuvuta.

"Waambie waache kuvuta," nikasema. "Nakuja."

"Nimewaambia. Hawanisikii."

Nilifika kabla ya saa nne. Boma lilikuwa limezungushiwa minyaa, na katikati ya zizi, mtamba mwekundu alikuwa amelala ubavu, macho yamemtoka. Kamba ilifungwa kwenye miguu miwili ya mbele ya ndama, na wanaume watano walikuwa wameishika kama wanaovuta gari lililozama kwenye matope. Mzee mwenye mji alikuja kunipokea. Tukasalimiana kwa Kisukuma, mwangaluka kwa mwangaluka, bila haraka, maana hata kama nyumba inaungua salamu ni lazima zimalizike. Halafu akatazama barabara nyuma yangu.

"Bwana mifugo mwenyewe yuko nyuma na gari?"

"Bwana mifugo ni mimi, baba."

"Wewe si bwana. Wewe ni binti."

"Ndiyo. Na bwana mifugo ni mimi."

Akamgeukia mdogo wake na kumwambia kwa Kisukuma kwamba wametuletea nesi. Nadhani kwa sababu ya ile blauzi nyeupe, niliyokuwa nimeivaa tena, alifikiri Kisukuma changu kinaishia kwenye salamu. Nikaona hapa ndipo semina inapotakiwa kufanya kazi. Nikatoa kadi. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole.

"Mkurugenzi Mtendaji. Unaongoza watu wangapi?"

"Niko peke yangu."

Akatafakari. "Basi mimi nina wake wawili, watoto kumi na moja na wachungaji. Mimi nitakuwa nani?"

Nikakumbuka tulivyofundishwa kusimama, miguu imeachana, kidevu juu, na nikasema kwa sauti ya kule ukumbini, "Mimi ni suluhisho la tatizo lenu." Wale wanaume watano walinitazama. Mtamba akaguna. Mama aliyenipigia simu, mke mkubwa wa yule mzee, akaniwekea ndoo ya maji ya moto miguuni, akasema, "Haya, mayu. Tatua."

Nikavaa glavu ndefu, nikapaka sabuni hadi begani, nikalala chini kwenye matope ya zizi na kuingiza mkono. Miguu ilikuwa sawa. Kichwa hakikuwepo. Nikasogeza mkono ndani zaidi na kukikuta kimegeuka nyuma, kimelala ubavuni mwa ndama, kama mtu anayechungulia kilichomfuata. Ukivuta ndama wa namna hiyo, unamuua yeye na unampasua mama yake. Nikaingiza kidole mdomoni mwake. Akakinyonya, kidogo sana, lakini akakinyonya.

Wakati huo huo nikasikia kamba inakaza. Wale wanaume walikuwa wameanza tena.

"Jamani, naomba msivute," nikasema.

Wakavuta.

"Samahani, tafadhali..."

Wakavuta. Na pale, shavu langu likiwa kwenye mavi, kitu kikanipanda ambacho hakikuwa simba wala mkurugenzi. Ilikuwa hasira tu ya mtu anayejua jambo mbele ya watu wasiolijua. Niliwafokea kwa Kisukuma, Kisukuma cha bibi yangu, chenye maneno ambayo sitayaandika hapa. Niliwaambia ndama yu hai, ninamshika ulimi, na mtu atakayegusa hiyo kamba tena atamzika ng'ombe huyu yeye mwenyewe. Kamba ikalegea.

"Nani anashika mkia?" nikauliza. Watu watatu wakakimbilia mkia.

Tatizo lililobaki lilikuwa kitambulisho. Nilikuwa nimekivaa, bila shaka. Nilikivaa hata kulala kwa mama. Kila nilipoinama kilining'inia na kuzama kwenye ndoo, halafu kikanasa chini ya paja la ng'ombe na kunivuta shingo. Yule mama akaingia jikoni akatoka na kisu. Bila kuniuliza akaushika ule utepe na kuukata.

"Hii itakunyonga," akasema, akakitupa kando.

Ilichukua muda mrefu. Unamsukuma ndama arudi ndani, taratibu, pale mama yake anapopumzika kusukuma. Halafu unatafuta kichwa, unashika taya, unakizungusha sentimita moja, mama anasukuma, mkono wako unabanwa mpaka unahisi mifupa inagongana, unasubiri, unaanza upya. Niliishiwa nguvu mara mbili. Mara ya pili nilitoa mkono na kukaa chini nikihema. Yule mama alinimwagia sabuni nyingine begani. Nilipojaribu tena, pua ikaja ikakaa juu ya miguu, kama inavyotakiwa.

"Sasa," nikawaambia wale wanaume. "Nikisema vuteni, vuteni kuelekea chini. Nikisema acheni, mnaacha."

Walivuta niliposema. Waliacha niliposema. Ndama jike akatoka akiwa na ulimi umevimba, hapumui. Nikamsafisha pua, nikamsugua kwa gunia, nikamchokoa puani kwa jani kavu, na akapiga chafya moja kubwa iliyonirukia usoni. Wanaume watano wazima walipiga makofi kama watoto.

Nilipokwisha kumchoma yule mtamba sindano na kunawa, mzee akanikaribisha kwenye kigoda. Akanishukuru kwa maneno mengi. Wabeja, akasema, wabeja sana. Kisha akainua mikono yote miwili na kunibariki: "Umetusaidia, mwanangu. Mungu akujalie upate kazi."

Nikacheka, maana ningelia. "Baba, hii ndiyo kazi."

"Najua. Lakini nasema kazi kazi. Ya ofisini."

"Baba, ningekuwa na ofisi, saa hizi ningekuwa ofisini. Ungenipigia simu ningekwambia uandike barua."

Akalifikiria hilo. Alikuwa mtu anayefikiri kweli kweli, huyo mzee. "Kwa hiyo huna mkubwa wako? Ungeniulia ng'ombe, ningekushtaki kwa nani?"

"Kwangu mimi."

"Na ungejihukumu?"

"Ningejihukumu vibaya sana kuliko mkubwa yeyote niliyewahi kuwa naye."

Akatikisa kichwa, akaanza kucheka bila sauti, mabega tu. Nikamtajia bei yangu. Huwa nikitaja bei naongeza maneno, "lakini tunaweza kuongea," kabla mtu hajafumbua mdomo. Siku hiyo niliitaja na kunyamaza. Mzee akamwita mke wake mkubwa, yeye ndiye mtunza fedha, akanilipa yote na kuniongezea kuku.

Nilifika Maswa ndipo nikajishika shingoni na kukuta hamna kitu. Nilisimamisha pikipiki. Nikafikiria kurudi, kwa kweli nilifikiria. Halafu yule kuku akapiga kelele ndani ya kikapu, nikaondoka.

Kwa mama nilimkuta anachambua mchele. Nikamsimulia yote, pamoja na matusi. Halafu nikamwomba aniondoe kwenye yale maombi ya Jumamosi.

"Nikikuondoa ghafla," akasema, "wataniuliza kama umekufa."

"Waambie nina kazi."

"Ipi?"

Nikamwonyesha mkono wangu, uliovimba kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni, na rangi yake ilikuwa kama bilinganya. Mama akauchukua akauweka mapajani, akaukanda kwa maji ya chumvi. Jumamosi iliyofuata wakaniombea nipate wateja. Sijui kama ni maombi au ni midomo ya kina mama wa jumuiya, lakini wiki hiyo hiyo nilitibu mbuzi wawili, paka mmoja, na bata wa katekista.

Nisije nikaonekana kama mtu aliyepona siku moja. Wiki mbili baadaye nilirudi kwenye "nipo nipo" yangu, mbele ya mwanafunzi mwenzangu wa zamani aliyeshuka kwenye gari la serikali. Dada wa saluni alinisikia kupitia ukutani, akaja mlangoni na kitana mkononi. "Nipo nipo ndiyo dawa gani hiyo?" akauliza. "Inauzwaje?"

Jambo ambalo naona lilinibadilisha kweli lilitokea Kiloleli, kule Busega, na halikuwa la ushindi hata kidogo. Mama mmoja mfugaji alinipigia simu kwamba mbuzi wake wanakohoa na kufa. Nilipofika nilikuta saba wamekufa na majirani wote wameshakusanyika, zaidi ya watu ishirini, kila mmoja na ugonjwa wake aliokwisha kuutaja. Mmoja alisema ni sumu. Mwingine alisema ni mkono wa mtu. Nikapima joto, nikasikiliza mapafu, nikapasua mmoja aliyekufa asubuhi hiyo. Yalikuwepo magonjwa mawili ninayoyajua yanayoweza kuonekana hivyo, na dawa ya mmoja haisaidii mwingine.

"Ni nini, daktari?" akauliza yule mama.

Zamani, wakati ule wa kadi na kioo, ningetaja ugonjwa wowote. Ningeutaja kwa Kilatini. Mtu ambaye hana uhakika kama yeye ni daktari hawezi kusema hajui. Anaogopa kwamba hilo ndilo neno watu walilokuwa wanalingoja.

"Sijui bado," nikasema.

Minong'ono ikapita. Nikaendelea kueleza kwamba nitachukua vipimo viende maabara Mwanza, kwamba nitampa taarifa afisa mifugo wa kata leo hii, na kwamba mbuzi wasiuzwe wala kuchanganywa na wa jirani mpaka majibu yatoke. Mzee mmoja akasema mganga wa upande wa pili angekwisha kujua. Nikamjibu kwamba inawezekana, na nikaendelea kufunga vichupa vyangu. Nilijishangaa mwenyewe.

Yule mama alinisindikiza mpaka kwenye pikipiki. "Wa kwanza aliyekuja alisema minyoo," akaniambia. "Wa pili akasema baridi. Wewe umesema hujui. Lete hayo majibu."

Majibu yalikuja baada ya siku nne: homa ya mapafu ya mbuzi. Katika siku hizo nne walikufa wengine watatu, na kila alipokufa mmoja alinipigia simu kuniarifu, nami nilipokea kila simu. Nilirudi na dawa inayofaa. Kumi na sita walipona. Yule mama alisimama mlangoni mwa zizi akiwaangalia wanavyogombania majani ya mpapai, kisha akaniuliza kama naweza kuja pia kwa dada yake, ng'ambo ya mto, ambaye ng'ombe wake hashiki mimba.

Nikamwambia Alhamisi, kwa sababu Jumatano nina kazi.